Mwalimu wa Kwaya na Programu Iliyokataa Kuundwa

Juzi nilikuwa benki moja Upper Hill nikingoja namba yangu iitwe. Binti aliyeketi kando yangu alikuwa na kompyuta magotini na simu sikioni. Yeye na wenzake hujitolea kutunza programu za kompyuta za bure zinazotumiwa na yeyote, na asubuhi hiyo alikuwa anaondoa zilizoharibika kwenye orodha yao.

"Hii ya kuandikia noti za kwaya imekataa," alimwambia mwenzake. "Nikijaribu kuiunda upya ifanye kazi kwa kompyuta za sasa, inakwama. Aliyekuwa anaitunza nimemwandikia mara tatu, kimya. Naitoa leo."

Mzee mwenye tai nyuma yetu akainuka kama aliyekalia siafu.

"Msichana wangu, usiitoe. Mimi nafundisha kwaya Muthangari. Naitumia kila Jumamosi, na inafanya kazi vizuri kabisa."

"Hiyo uko nayo ni ya kitambo, mwalimu. Ni kama chapati ya jana, inalika, lakini unga wake hauuzwi tena. Mtu asipoirekebisha, kompyuta mpya hazitaipata."

"Sasa nani atairekebisha?"

Hapo ndipo mzee alipokosea. Yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano katika nchi hii anajua kwamba anayeuliza swali hurudi nyumbani akiwa katibu wa kamati. Binti alitabasamu, akamgeuzia kompyuta.

"Andika jina lako hapa, mwalimu. Nitakuonyesha pole pole."

Mzee aliandika, huku akicheka mwenyewe. Kisha binti akanigeukia.

"Na wewe, ulikuwa na swali?"

Niliinamia karatasi yangu ya namba, nikaisoma kama zaburi.