Vidonge Vitatu Kiganjani

Walisema sitaweza kung'oa hata jino la maziwa. Aliyesema kwa sauti kuliko wote alikuwa baba yangu mdogo, mchuuzi wa dagaa wa Nansio, ng'ambo ya ziwa, siku aliyonikopesha mtamba wake mwekundu niuze nikasome.

"Nakukopesha kwa heshima ya marehemu kaka yangu," alisema mbele ya ukoo. "Wewe mwenyewe nisingekuachia hata kuku."

Nilisoma. Nilifagia korido za hospitali Dar es Salaam, nikala mlo mmoja kwa siku, nikarudi Mwanza na stashahada ya tiba ya meno na kufungua chumba changu cha tiba Pasiansi. Wenye digrii walikuja kutazama ninavyotoa gego lililovunjika bila mgonjwa kupiga kelele. Walionikopesha niliwalipa mmoja mmoja. Baba mdogo nilimwacha wa mwisho makusudi. Nilitaka kwanza anione.

Alikuja na meli ya asubuhi, shavu limevimba. Benchi lilikuwa limejaa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, bwana koleo. Toa hili upesi, nawahi meli."

Nilisoma daftari lake la kliniki. Miaka michache nyuma vijidudu viliingia kwenye damu yake vikaota kwenye valvu ya moyo, akalazwa wiki nyingi. Mtu mwenye moyo mzima simpi dawa ya kinga kabla ya kung'oa. Ni kuipoteza dawa na kuvifundisha vijidudu usugu. Lakini kwa mtu kama yeye, jino likitoka, vijidudu vya mdomoni hupita kwenye kidonda na kurudi palepale vilipoota zamani. Nikampa vidonge vinne vya rangi mbili na kikombe cha maji.

"Meza vyote sasa hivi, halafu usubiri saa nzima."

Kwetu dawa haimezwi yote. Mtu humeza kimoja, vingine hufunga kwenye kitambaa, maana nyumbani kuna mwingine anayekohoa. Mimi mwenyewe nililelewa kwa masalio ya vidonge vya wagonjwa wengine. Alipokwisha kunywa maji niliona ngumi yake moja bado imekunjwa. Ningeweza kumwita ndani nikamweleza taratibu.

"Baba mdogo, fungua mkono."

"Wa nini?"

"Fungua, watu waone."

Vilikuwa vitatu, vimenata kwa jasho. Mama muuza sangara aliyekaa karibu naye akaangua kicheko. "Mzee kaficha peremende!"

Benchi zima likacheka. Mimi nikaongeza: "Huyu ndiye aliyesema sitaiweza kazi. Kumeza tu kumemshinda!"

Aliviweka vidonge mezani kimoja kimoja. "Vilikuwa vya mjukuu," alisema. "Na meno yaling'olewa kabla hujazaliwa." Akatoka. Mlango ulikuwa hatua tano tu kutoka nilipokuwa. Nikaita, "Anayefuata!"

Nansio kuna fundi baiskeli anayeng'oa meno kwa koleo. Alimtoa lile jino bila kidonge chochote. Baada ya wiki tatu mke wa baba mdogo, mama mdogo, akanipigia simu: homa haishuki, anatetemeka, nguo zake zinaloa jasho. Nikamwambia amvushe mara moja. Nilimsikia mgonjwa nyuma yake: "Sirudi Mwanza kuchekwa."

Walipompakia melini hakuwa na nguvu ya kukataa. Hospitalini daktari alimsikiliza moyo, akanigeukia. "Kabla ya kung'oa hakupewa dawa?"

"Nilimpa," nilijibu. Ilikuwa kweli. Sijawahi kusema kweli chafu kuliko hiyo.

Hakumaliza wiki.

Nilinunua mtamba mwekundu mnadani, mnono kuliko wake, nikavuka naye ziwa. Niliapa zamani kwamba nitamlipa mbele ya ukoo uleule, na ukoo wote ulikuwepo, umeketi chini ya turubai. Mama mdogo akaipokea kamba bila kumtazama mnyama, akampa shemeji yake.

"Asante, daktari," alisema. "Waombolezaji hawajala."

Mtamba alichinjwa kabla ya maziko. Siku hiyo hakubaki mtu aliyenidai.