Ujamaa, Ukomunisti na Dumu la Maji

Siku tuliyoitwa nilikuwa Isansa nachuma kahawa na shemeji zangu, tunabishana kama mvua itatuwahi. Nilikuwa mgambo, na mgambo haulizwi. Lori lilipita Ihanda kumchukua Lameki Nzunda, kijana mrefu, mtaratibu, wa familia ya kanisani. Alipanda na kifuko cha mahindi ya kukaanga, akakigawa chote kabla hatujafika barabara kuu. Urafiki wetu ulianzia hapo.

Vita vile vya Uganda vimeshasimuliwa na wengi, na kila msimuliaji ni shujaa. Mimi nakumbuka zaidi kuchoka. Tulitembea, tukachimba mahandaki, tukayaacha, tukatembea tena.

Siku za mapumziko kamisaa wa siasa alitufundisha. Katika ujamaa, alisema, kila mtu hufanya kazi kadiri ya uwezo wake na hupata kadiri ya kazi yake. Katika ukomunisti hupata kadiri ya mahitaji yake. Huo wa pili bado uko mbali, watu hawajawa tayari.

Lameki akanyoosha mkono.

"Afande, kwetu tukimlimia mtu, wote waliokuja wanakunywa togwa mpaka watosheke, hata bibi aliyelima tuta moja. Mwenye shamba anakunywa mwisho. Huo ni upi?"

Kamisaa alifikiri. Alikuwa muungwana.

"Huo ni ukarimu, ndugu," akasema, na watu wakacheka.

Mimi sikucheka sana. Kijijini kwetu tuligawana mavuno ya shamba la kijiji kwa siku za kazi, na mjane aliyeshinda akiuguza watoto alirudi nyumbani na debe lisilojaa. Ilikuwa haki. Ilikuwa njaa pia.

Kisha tukafika kwenye bonde moja, na mizinga ikatubana tangu asubuhi. Mahali pa handaki alipachagua Lameki, na yeye ndiye aliyeanza kupiga sepetu, basi kichwani mwake likawa shamba lake na sisi ndio tuliokuja kumlimia. Dumu la maji lilikuwa moja tu. Koplo wetu alitaka waliochimba sana wanywe zaidi.

"Koplo, huyu mwenye homa atachimba nini?" Lameki alisema, akachukua kikombe.

Mwenye homa alikunywa mpaka akatosheka. Majeruhi naye hivyo hivyo. Sisi wazima tukapata funda moja moja, na hakuna aliyenung'unika. Hilo linanishangaza mpaka leo.

"Wewe umekunywa?" nikamwuliza.

"Nimekunywa."

Maji yakaisha. Mwenye homa akaanza kuomba tena.

Lameki akatoka na dumu, akiinama, kuelekea kijitoni.

Kombora likaanguka upande ule.

Hakurudi.

Tulimkuta jioni. Dumu lilikuwa kavu, hakuwa amefika majini. Koplo, aliyekuwa amekaa ubavuni pake handakini, ndiye aliyetuambia kwamba Lameki hakuonja hata tone. Nililia mbele ya wanaume wenzangu na sikuona aibu.

Siku hizi wajukuu wangu wanaosoma Tunduma huniuliza tofauti ya ujamaa na ukomunisti. Nawapa jibu la kamisaa, maana ndilo lenye maksi. Ule wa kwanza niliishi nao miaka kijijini, na ulikuwa na mazuri yake. Wa pili niliuona mchana mmoja, ndani ya shimo, ukaishi mpaka maji yalipokwisha. Sijui kama ningependa kuuona tena, kwa bei ile.

Vita vilipomalizika nilikwenda Ihanda kwa mama yake. Alinisikiliza huku akichambua maharage, hakuniangalia.

"Mlimwuliza kama amekunywa?"

"Nilimwuliza, mama. Akasema amekunywa."

"Angesema nini tena, mwanangu," alisema. "Nilimlea mimi."