Hodi ya Mwanangu

Mwaka ule tulikula ugali wa muhogo kwa majani ya kunde tu. Usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu, walihama ufukweni, na mwanangu akazama akiwafuata mbali. Mwili hatukuupata. Simu ilikuwa mfukoni mwake.

Mimi niliishia darasa la pili, lakini mjukuu wangu, binti wa marehemu huyo, anaandika programu za kompyuta. Sioni haya kujisifu: akili ile ni yangu. Siku hizo za soko huria kahawa ilinunuliwa na yeyote mwenye gari, na mkulima alilaghaiwa mchana kweupe. Mjukuu akaunda programu: tuma ujumbe wa simu, ikujibu bei ya leo Mbinga mjini. Watu wa Mpepai, Mbuji na Ruanda wakaivamia. Mtu mmoja anauliza mara ishirini kwa dakika, kana kwamba bei ni uji, utachemka akizidi kukoroga. Programu ikazimia.

"Hawana adabu," nikamwambia. "Mgeni hupiga hodi tatu. Asipoitikiwa, huondoka."

Akacheka. "Bibi, umeniokoa!"

Akachukua kiprogramu kilichoandikwa na mafundi wengine huko duniani, akakichomeka mlangoni mwa programu yake. Kila namba maswali matatu kwa dakika; la nne linarudishwa. Tena ni chepesi: kinahesabu kichwani, hakingoji kufungua daftari. Programu haikuzimia tena.

Hodi tatu zangu hizo! Nilikwenda kanisani kifua mbele.

Alasiri moja nikamkuta chai yake imepoa, hajaigusa. Kiprogramu kile kilikuwa kinaorodhesha namba zilizorudishwa. Moja ilikuwa imejaza ukurasa mzima.

"Bibi, ni ya baba."

Nilikaa sakafuni. 

"Labda laini amepewa mtu mwingine," akasema, lakini sauti yake haikuamini.

"Mpigie."

Akapiga, akaweka spika. Haipatikani. Yule mwanamke wa kwenye simu hajamaliza kusema, mstari mpya ukaongezeka kwenye kioo: namba ile ile, imerudishwa. Nilisikia baridi ya maji ndani ya mifupa. Kanuni ile niliitoa mimi. Mwanangu anabisha kwao, na mimi nimeifundisha mashine imhesabu kama mgeni. Mtu wa nyumbani hahesabiwi hodi.

"Mpitishe," nikasema.

"Nikimpitisha bila kuhesabu, programu itazimia, wakulima walaghaiwe tena. Bora niifunge kabisa namba hii. Siwezi kuiona kila siku, Bibi. Siwezi."

"Simfungii mwanangu mlango."

"Baba amekufa."

"Unaniambia mimi? Nilimzaa mimi, nikamlilia kabla yako."

Akaweka kidole juu ya kitufe cha kuifunga, akaningoja, machozi yakimtiririka hadi shingoni. "Sema ndiyo, Bibi. Tafadhali."

"Simfungii mwanangu mlango."