Kitambaa cha Mita Mia Mbili

Mama mdogo wangu ni fundi cherehani, na kuna swali moja anamwuliza kila mteja, awe bibi harusi au mtu aliyeleta suruali iliyopasuka makalioni: "Itaonekana upande gani?" Asipojibiwa, hakati. Mkasi unakaa mezani, mteja anakaa kwenye benchi, na wote wawili wanasubiri.

Ana miaka kumi na tisa kwenye chumba cha tatu kutoka bombani, katika nyumba ndefu ya vyumba vinane. Ndani analala, barazani anashona. Miguu ya cherehani yake imechimba vishimo vinne sakafuni. Mwenye nyumba alipotaka kuviziba kwa saruji, mama alimwambia, "Achana navyo. Ukiviziba nitashona nikiyumba kama mlevi." Mimi amenilea hapo tangu dada yake alipofariki. Nililala chini ya meza ya kukatia, nikawa naenda shule na nyuzi kichwani. Siku hizi majirani wananiita Profesa, kwa sababu stashahada niliiachia mwaka wa pili.

Kisha kampuni moja kubwa ikatangaza kwamba inatafuta mji wa kujenga makao yake makuu. Miji mitatu ikaanza kujipodoa, na wetu ukapaka poda mpaka masikioni. Halmashauri ikataka kijana wa kuandika kijitabu cha kuusifia, wakanipata mimi, ninayeweza kusifia hata mtaro. Niliandika "mji wenye tabasamu". Niliandika pia "makazi ya hadhi mpya kwa wataalamu wa kesho", na mkuu wangu akaipenda sentensi hiyo hadi akaisoma kwa sauti mara mbili. Kampuni haijanunua hata tofali, kodi za vyumba tayari zinapanda.

"Wageni watapita barabara ile ya bombani," mkuu akasema siku moja. "Vile vibaraza vifunikwe kwa kitambaa. Mita mia mbili. Unamjua fundi?"

Mdomo wangu haujui kutulia. Nikasema namjua.

"Shikamoo mama. Nimekuletea tenda."

"Marahaba. Ya nini?"

"Mapambo."

"Ya wapi?"

"Ya mji."

"Mji mzima? Haya. Kitaonekana upande gani?"

"Wa nje."

"Na wa ndani?"

"Wa ndani hauna mtu, mama. Wewe piga pindo upande mmoja tu, umalize."

Aliniangalia juu ya miwani. Kisha akashona siku tano, na akapiga pindo pande zote mbili. Muuza mkaa wa chumba cha nane alipita akauliza, "Fundi, umefiwa na jitu? Hiyo sanda haina mwisho!" Mama akacheka mpaka akavua miwani. Mimi nilicheka kidogo, nikaaga haraka.

Asubuhi ya ugeni, vibarua wa halmashauri walichimbia nguzo na kukitandaza kitambaa mbele ya vyumba vinane. Nilikuwa upande wa barabara, kitambulisho kikiningʼinia shingoni, nikiwatembeza wageni. Tukafika mkabala wa chumba cha tatu. Nyuma ya kitambaa cherehani ilikuwa ikilia, taka-taka-taka.

"Huko nyuma kuna nini?" mgeni mmoja akauliza. "Kiwanda?"

Jibu lilikuwa na maneno mawili: mama yangu. Mkuu akanitazama.

"Jenereta," nikasema. Nikaongeza na utani: "Bovu, lakini halizimiki."

Wageni wakacheka. Cherehani ikanyamaza. Tulitembea hadi mwisho wa kitambaa, na sikuisikia tena.

Wiki iliyofuata mama aliniita nimsomee barua ya mwenye nyumba. Kusoma anajua, ila barua ndefu anasema zinamchosha. Wapangaji wote walitakiwa kuhama ndani ya siku thelathini, kupisha ujenzi wa "makazi ya hadhi mpya kwa wataalamu wa kesho". Hapo nilisoma haraka haraka.

"Rudia hapo," mama akasema.

Nikarudia.

"Aliyeandika hivyo ana maneno matamu," akasema, akaikunja barua na kuiweka kwenye kopo la vifungo.

Kampuni ilichagua mji mwingine. Tangazo lilipotoka, mwenye nyumba alikuwa ameshangʼoa milango ya vyumba viwili, na hakuwa mtu wa kurudisha mlango. Mama akapata chumba mbali, ghorofani, kisicho na baraza. Wateja wake wa miaka kumi na tisa watamtafuta pale bombani.

Siku ya kuhama nilienda kubeba. Vibarua walikuwa wamemwachia kipande cha kile kitambaa, amekitandika juu ya meza. Tulipoiinua cherehani, vile vishimo vinne vikabaki vimejaa nyuzi na vumbi.

"Mama," nikaanza, "siku ile ya wageni..."

"Lifunike jenereta hilo," akasema, "tusije tukanyeshewa."

Nilikuwa na utani kumi wa kujibu. Nilichukua kitambaa, nikasimama nacho kama mjinga, kisha nikamwuliza kionekane upande gani.

"Wowote," akasema. "Nilipinda kote."