Wingu la Nyikani

Eliakunda aliolewa Kihurio akiwa bado na macho ya milimani. Kwao juu Gonja, wingu likijifunika kileleni kama blanketi, ujue mnashinda na manyunyu. Basi msimu wake wa kwanza wa mavuno huku bondeni, alipoliona blanketi lile mlimani, alipiga kelele mtaa mzima uanue mpunga. Watu wakaanua mbio mbio. Jua likawaka mpaka jioni! Kumbe wingu lile huku chini halimwagi hata tone. Wakambatiza Mama Blanketi, na kwa utani watu wa pale hawajambo.

Mama mkwe wake, Anaeli, hakucheka. Kila asubuhi alimtoa nje uani akamwonyesha mawingu. Yale membamba ya juu kabisa, kama manyoya ya kuku, yaache yapite. Yale ya vipande vyeupe vyenye tumbo bapa ni ya jua, anika tu.

"La kuogopa ni lile linalorefuka," alisema. "Na hilo usilingoje mlimani. Geuka, tazama nyikani."

Miaka kumi na miwili imepita, na macho ya Anaeli yamekwisha. Anaona mwanga tu. Mwaka huu mpunga wote wa nyumba yao ulikuwa uwanjani juu ya maturubai, chakula cha mwaka mzima. Ukilowa unaota, na hawana mwingine. Mlima ulikuwa safi. Eliakunda akageuka. Juu ya nyika lilisimama wingu moja refu, chini jeusi, kichwa kimetandaa kama uyoga.

"Anueni!"

Majirani wakacheka. "Mama Blanketi, leo tena?"

Aibu ya mwaka ule ikamrudia yote. Akasimama na ufagio mkononi, na peke yake asingewahi.

"Limekaaje?" Anaeli aliuliza kutoka barazani.

Akamweleza. Bibi akashuka akipapasa, akapiga magoti, akaanza kuzoa mpunga kwa viganja. "Mnangoja nini? Mwanangu ameona!"

Majirani wakatazamana, wakaja na magunia. La mwisho lilipoingia ndani, mvua ikalipiga bati kwa fujo.

Eliakunda alilia bila kujificha. "Asante, mama."

"Ya nini? Aliyeona ni wewe."

"Nimeona kwa macho yako."

Anaeli akamvuta mkono hadi mlangoni. "Haya, niambie. Sasa limekaaje?"