Chai Isiyoshushwa Shimoni

Nilipoajiriwa kuangalia usalama kwenye mjengo wa vyoo vya shule moja karibu na Gachoka, nilikuwa na cheti kipya, kofia ngumu iliyonizidi kichwa, na mazoea ya kurudia kila wazo mara tatu kabla sijafungua mdomo.

Mchimbaji wetu alikuwa mzee kutoka Githongo. Kwao udongo ni mwekundu na unashikamana; mtu huchimba shimo refu kwenda chini na kuta zikasimama zenyewe. Mimi nimekulia Karurumo, naujua udongo wa namna hiyo, kwa hivyo sikumlaumu kwa kuuamini. Lakini pale tulikuwa tunachimba mchanga. Yeye alichimba wima vilevile kama kwao, mchanga akaurundika ukingoni, na kufikia siku ya tatu kichwa chake hakikuonekana tena.

Nilimwambia kuta zinafaa kulazwa, zichimbwe kwa mteremko badala ya wima.

"Injinia," akajibu kutoka chini, "nusu ya vyoo vya Githongo nimechimba mimi. Hakuna shimo lililowahi kunimeza."

"Hapa si Githongo, mzee."

"Hiyo naijua. Huku jua ni kali."

Wenzake wakacheka. Nilikuwa na uwezo wa kusimamisha kazi. Barua yangu ya ajira ilisema hivyo. Lakini niliwaza: ana umri wa baba yangu. Nikisimamisha na kusitokee chochote, nani atanisikiliza tena? Basi nikawa nalizunguka shimo. Upande wa rundo niliona ufa mwembamba ardhini. Nikajiambia ni wa jana. Nikarudi kuutazama, nikajiambia jana haukuwepo.

Saa nne mama wa chai alifika. Pale kazini, anayechimba hakusumbuliwa kupanda: jagi lilifungwa kamba likashushwa, mandazi ndani ya mfuko, naye akanywa akiwa amekaa chini kwenye kivuli. Mama alikuwa anafunga fundo nilipopitisha kidole kwenye ule ufa. Kiliingia. Nikaishika kamba.

"Leo chai inanywewa huku juu," nilisema.

"Nipande ngazi yote hii kufuata kikombe?" mzee akauliza. "Chuo kimekufundisha kutesa wazee?"

Nilikuwa na maelezo mengi kichwani, yamepangika vizuri. Yalitoka maneno mawili tu: "Nakuomba, mzee."

Akalichomeka koleo mchangani. "Napanda kwa sababu unakaribia kulia, msichana wangu. Si kwa sababu ya shimo."

Alipanda polepole, akinung'unika kwa Kimeru. Niliwasogeza wote mbali na ukingo, wakafuata kama watu wanaombembeleza mtoto. Mzee alikuwa anaomba kikombe cha pili ukuta ulipoanguka. Haukupiga kelele nyingi. Ulikuwa mshindo mzito mmoja, kisha vumbi. Rundo lote liliingia shimoni. Ngazi ilibaki na vidato viwili juu. Koleo lake hatukuliona.

Hakuna aliyecheka. Mama wa chai alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Mzee alishika simu, akampigia mkewe, akamuuliza kama ng'ombe amepewa maji, akakata.

Mara nyingi nimejiuliza ingekuwaje kama angekataa, na ni kweli angeweza kukataa. Sikumpa sababu hata moja ya maana. Namshukuru kwa kupanda. Namshukuru kwamba alihurumia uso wangu kabla hajaamini maneno yangu, na nawashukuru wale wengine waliokubali kusogea huku wakiniona mjinga. Kusimamisha kazi mapema lilikuwa jukumu langu, nami nililichelewesha kwa kuogopa kuchekwa. Walinisitiri kwa kunitii.

Alasiri mzee aliazima koleo, akaja kando yangu.

"Ukuta tuulaze kuanzia wapi?"

Nikachora mstari kwa kijiti. Nikaukagua tena, nikaingiwa na shaka, nikaufuta, nikachora mwingine hatua nzima nyuma zaidi. Ilikuwa kazi ya siku mbili za ziada. Mzee aliutazama, akatemea viganja vyake, akaanza kuchimba.