Adabu ya Bibi Mgeni

Skrubu ya miwani haina huruma. Ikikuponyoka imekwenda, na utapiga magoti mchana kutwa ukipapasa sakafu kwa sumaku huku mteja amekaa anakukodolea macho yake yasiyoona. Ndiyo maana mwanamke tunayemsimulia, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Miwani, alitandika kitambaa cheupe juu ya meza yake ya kazi. Kwa miaka yote aliyokaa kwenye kiduka chake chembamba, kati ya duka la picha na ngazi za kupandia kwa mawakili, hakuna aliyewahi kumwona ameinama kutafuta kitu. Mkono wake ulikuwa mkono kweli. Angekukazia skrubu huku anakusimulia ya jirani, na asikosee skrubu wala ya jirani.

Basi skrubu ya kwanza ilipomponyoka, alicheka. Ya pili akalaumu bisibisi. Ya tatu ilimkuta peke yake dukani, hana wa kumtolea visingizio, akaweka mkono wa kulia juu ya kitambaa na kuutazama. Kidole cha shahada kilijiinua, kikajipinda, kikarudi mahali pake, na yeye hakukituma. Akakifunika kwa mkono wa kushoto, akakibana kwa nguvu. 

Daktari aliyemwona alikuwa mtu wa taratibu. Alimwambia anyooshe mikono, atembee juu ya mstari wa vigae, aguse pua yake kisha kidole cha daktari, pua, kidole, pua, kidole. Akaandika kidogo, akaweka kalamu chini.

"Mama, kwenu kuna mtu aliyewahi kuwa hivi?"

Mama Miwani alifungua mdomo aseme hapana. Hapohapo akamkumbuka Bibi Mgeni.

Sasa hapa lazima nisimame kidogo, maana bila Bibi Mgeni hakuna kisa. Huyu alikuwa mama wa bibi yake Mama Miwani. Aliibuka mjini zamani za wakoloni, msichana mbichi, kwa miguu, hana mzigo wala ndugu, akaolewa mke wa pili na seremala, akazaa, akazeeka, na watu hawakujua alikotoka. Hata jina lake halikujulikana. Lakini familia haipendi kuishi na shimo katikati ya ukoo wake. Familia hii ililiziba shimo lake kwa kusema kwamba Bibi Mgeni alikuwa binti wa chifu, aliyekimbia wakoloni walipomkamata baba yake. Ajabu ni kwamba kila bibi aliyepotea zamani hizo alikuwa binti wa chifu. Sijui raia wa kawaida walikuwa wanazaliwa na nani.

Hawa, lakini, walikuwa na ushahidi wao, na ushahidi wenyewe ni adabu. Bibi Mgeni hakukaa mbele ya watu mikono nje. Akiingia mgeni, aliketi wima, akaweka viganja chini ya mapaja na kuvikalia mpaka mgeni aondoke. Akawafundisha binti zake, nao wakafundisha wa kwao: kalia mikono, sisi si watu wa hivihivi. Mama Miwani alikalia mikono tangu alipojua kukaa, na binti yake wa pekee alimfundisha hivyohivyo, kwa kofi pale ilipobidi. Majirani waliwacheka kwamba wanaatamia mayai. Mama Miwani alipita kifua mbele bila kuwajibu.

Lililosemwa kwa sauti ya chini ni jambo jingine. Kabla hata hajawa mzee, Bibi Mgeni alianza kucheza bila ngoma. Ilianza mikono, ikafuata miguu, mwisho akili, na wakamweka chumba cha uani mpaka siku yake ilipofika. Binti yake, yaani bibi yake Mama Miwani, alikufa kwa homa akiwa bado kijana. Mama yake Mama Miwani alifia kwenye uzazi. Hakuna kati yao aliyefikia umri wa kuonyesha lolote.

Haya yote alimweleza daktari, kwa kusitasita. Daktari akashusha pumzi.

"Kama huyo bibi ni damu yako, nina wasiwasi. Kuna ugonjwa unaopita kwa damu namna hiyo, na dawa ya kuuponya hatuna. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ni sawa na kurusha sarafu. Kama si damu yako, basi mkono huu una sababu nyingine, na nyingi zinatibika. Kuna kipimo pia. Tunaweza kuchukua damu leo."

"Kipimo kisubiri," alisema Mama Miwani akiokota mkoba. "Kwanza nijue yule mwanamke alikuwa nani."

Aliogopa kipimo, tusifichane. Lakini si kwa ajili yake tu. Njia nzima alisikia maneno mawili yanamgonga kichwani: kila mtoto. Na yeye alikuwa na mmoja.

Huyo mmoja alikuwa msusi, tena si msusi wa kubabaisha. Misuko yake myembamba ilijulikana mpaka mitaa ya mbali. Siku za karibuni tu alikuwa amewaachia wasichana wake kazi ya kusuka, yeye akakaa kaunta, akisema mgongo unamsumbua. Mama Miwani alimwangalia akila jioni ile, akamwongezea mchuzi.

Kesho yake alikwenda kwa kaka wa mama yake. Mzee huyu alifanya kazi ya kutangaza treni stesheni mpaka akastaafu, na kwa kuwa alistaafu kazi lakini si kutangaza, wote walimwita Mjomba Redio. Ndiye aliyemlea Mama Miwani, na ndiye mpiga chuku mkuu wa habari za chifu. Kila mwaka chifu aliongezewa ng'ombe.

"Mjomba, hivi bibi alizaliwa na Bibi Mgeni kweli?"

Redio ikazimika. 

"Kwa nini unauliza hivyo, mama?"

"Nauliza tu."

"Wapo waliosema mama yangu alikuwa wa mke mkubwa. Eti mke mkubwa alikufa, Bibi Mgeni akamlea mtoto. Sikuwahi kulipenda neno hilo. Linatuondolea uchifu."

"Walisema kina nani?"

"Watu. Aliyebaki ni Bibi Mdogo, nenda kamuulize. Ila ujiandae, yule bibi ana mdomo."

Mama Miwani alitoka pale mwepesi. Maisha yake yote alijivunia damu ile, na sasa alikuwa anatembea barabarani anaomba kwa kunong'ona isiwe yake hata tone. Mke mkubwa. Mwanamke ambaye hakuwahi kumfikiria hata siku moja, sasa alimpenda ghafla kuliko ndugu zake wote.

Bibi Mdogo alikuwa kitinda mimba wa Bibi Mgeni. Aliishi kwa mjukuu wake, ghorofani, kwenye chumba chenye kitanda, kabati na dirisha linalotazama kamba za nguo. Mama Miwani alimkuta anashona foronya iliyofumuka, na kabla ya uso alitazama mikono. Sindano iliingia na kutoka palepale ilipotakiwa. Bibi wa umri ule, mtoto halisi wa Bibi Mgeni, na mkono umetulia kabisa. Moyo wake ukaanza kupata matumaini.

"Umekuja kuniona mimi au kuona mikono yangu?" aliuliza Bibi Mdogo.

"Nimekuja kukusalimia, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nilidhani mmeshanizika mkasahau kunialika. Haya, maadamu umekuja, nikazie miwani hii, inanishuka puani kila nikiinama."

Angekataaje, na ndiyo kazi yake? Alitoa bisibisi mkobani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaelekeza ncha kwenye skrubu. Ncha ikateleza. Akaelekeza tena. Bisibisi ikaanza kugonga fremu, tik, tik, tik, na kadiri alivyojikaza ndivyo ilivyozidi kugonga. Hakuthubutu kuinua macho.

Bibi Mdogo aliweka foronya chini. Alinyoosha mkono, akachukua miwani yake taratibu.

"Imeanza lini?"

"Ni uchovu tu, Bibi."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza imeanza lini."

Hapo Mama Miwani akashindwa kujikaza. "Niambie bibi yangu alikuwa wa mke mkubwa," alisema, na machozi yalikuwa yameshafika. "Nakuomba, Bibi. Niambie hivyo."

"Mke mkubwa hakuzaa hata paka, masikini ya Mungu. Neno hilo tulilitunga sisi. Mama alikuwa ameshaanza kucheza, na dada yangu, bibi yako, alikuwa amepata mchumba. Tungemwambia nini yule kijana? Tukasema huyu si mama yake mzazi. Dada akaolewa. Na mama alikuwa pale chumba cha uani, anasikia kila tunachosema."

 Mama Miwani alishika chuma cha kitanda.

"Na chifu?"

"Chifu gani wewe! Mama alizaliwa hospitali ya vichaa. Aliniambia mwenyewe nilipokuwa namlisha, siku ambazo akili ilikuwa bado inakwenda na kurudi. Wakoloni walikuwa na nyumba yao kule mlimani, ina ukuta mrefu. Askari walimkuta mama yake sokoni anarusharusha mikono, wakasema kichaa, wakambeba na mimba yake. Mama akazaliwa mle ndani, akakulia jikoni kwenye masufuria. Hata jina hawakumpa, walimwita we mtoto. Sasa, alikuwako mkaguzi. Alikuwa anapita kwenye mabenchi, anatazama. Ambaye mikono yake imetulia alitolewa kwenda kulima bustani, akaona jua. Ambaye mikono yake inacheza alipelekwa jengo la nyuma, na huko hakurudi mtu. Kwa hiyo mama yake akamfundisha mapema: mkaguzi akipita, kalia mikono. Naye alikuwa anaikalia yake, mpaka siku ilipomshinda, wakampeleka nyuma mtoto akiona."

Nje mtu alikuwa anaanua nguo, anaimba kwa furaha zake. Mama Miwani alitamani anyamaze.

"Alipokua akajificha kwenye gari la kuni, akashuka kabla ya mji, akaingia hapa kwa miguu," aliendelea Bibi Mdogo. "Mumewe akamuuliza, mbona unakaa hivyo? Akasema, kwetu ndivyo tulivyofundishwa. Hakudanganya. Uchifu mlijazia wenyewe."

"Na wewe, Bibi? Mbona wewe..."

"Mimi lilinipita. Sijui kwa nini mimi na si mwingine. Na uzee huu wote, nikiamka asubuhi, cha kwanza naitazama mikono." Aliokota tena foronya. "Una mtoto, wewe."

"Ninaye."

"Basi nenda nyumbani kwako."

Ndani ya basi Mama Miwani alikaa dirishani. Walikuwa wameshapita kituo cha pili alipogundua kwamba ameikalia mikono yake. Akaitoa. Abiria wa pembeni akageuka kidogo tu, na yeye akairudisha haraka chini ya mapaja, na woga aliousikia wakati ule haukuwa wa kwake peke yake. Ulikuwa wa yule mama wa kwenye benchi, ambaye uso wake hata Bibi Mgeni huenda alishausahau.

Alifika jua bado halijazama. Binti yake alikuwa sebuleni anatazama televisheni, ameketi wima kwenye kochi, viganja chini ya mapaja. Mama Miwani alisimama mlangoni na viatu vyake mkononi. Hakukuwa na mgeni.

"Mbona umekalia mikono?"

"Mazoea tu, Mama. Si ndivyo ulivyonilea?"

"Hakuna mtu hapa. Itoe."

Binti aliendelea kutazama televisheni, ingawa lilikuwa tangazo la sabuni.

"Itoe, mama yangu," alisema Mama Miwani, safari hii kwa upole.

Binti aliitoa, akaiweka magotini. Mama Miwani aliitazama kwa macho yake ya kazi, yale yaliyozoea kuona kitu kidogo kikitikisika. Ilikuwa mikono mizuri, ya msusi, vidole virefu. Ilitulia. Ikaendelea kutulia. Alianza kupumua. Halafu kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikajiinua, kikajipinda, kikarudi mahali pake.

"Ni baridi," alisema Mama Miwani upesi. "Nyumba hii ina baridi, ngoja nifunge dirisha."

Alikwenda dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Akashika komeo hivyohivyo, apate pa kusimama, na komeo likaanza kugongagonga chini ya mkono wake. Alijaribu kulituliza, likakataa. Nyuma yake binti alipunguza sauti ya televisheni, na sasa chumba kizima kilisikia chuma kile kinavyogonga.

Mama Miwani aliliachia. Alirudi, akaketi kwenye kochi karibu na mwanawe, akaweka mikono yake yote miwili magotini, juu, mahali pa kuonekana, nayo ikacheza ilivyotaka.

"Si baridi," alisema.

"Najua, Mama. Ilianza tangu mvua zilizopita," alisema binti yake. "Kila ukipita hapa, naikalia."